Friza, daftari na jina la Mpemba: kisa cha klabu moja ya sayansi Tanga

Kisa hiki nimekiandika kwa walimu wanaolea klabu za sayansi. Shule ni ya sekondari ya kutwa ndani ya Jiji la Tanga. Jina lake, mwaka, maonyesho walikokwenda na majina ya wahusika nimeyaondoa. Nitawaita kwa kazi zao: Mwalimu, ambaye anafundisha fizikia na ndiye mlezi wa klabu, Kiongozi wa kundi, na Katibu, msichana wa kidato cha tatu aliyetunza daftari. Mimi niliitwa mambo yakiwa yameshaanza kwenda mrama, kama mtu wa nje mwenye uzoefu kidogo wa vipimo.

Usuli

Klabu hii kila mwaka hupeleka mradi mmoja kwenye maonyesho ya mkoa. Huko nyuma walipeleka yale yale ambayo kila shule hupeleka: umeme wa ndimu, volkano ya siki na magadi, kichujio cha mchanga na mkaa. Mwalimu alichoka. Akatafuta kitu chenye mizizi ya hapa hapa, akawasimulia wanafunzi habari ya Erasto Mpemba na athari inayoitwa kwa jina lake: kwamba katika hali fulani maji ya moto huganda kabla ya maji ya baridi. (Wanafunzi wawili walikuwa wakiamini ni jambo lililogunduliwa na Wapemba. Kwa mji kama Tanga, ambako Wapemba ni majirani, hakuna wa kuwacheka.)

Kwa asiyeijua habari yenyewe, ni hivi. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari ya Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friji. Nafasi ya friji ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akachanganya maziwa na sukari bila kuchemsha ili awahi. Mpemba, kuona atakosa nafasi, akaingiza ya kwake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado mazito tu. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganya mambo. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini akamweleza kwamba wao huingiza mchanganyiko wa moto kwa makusudi ili ugande upesi, na akakuta watengenezaji wengine wa mjini wakifanya vivyo hivyo.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa kidato cha tano, darasa likafika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa, kwamba kitu hupoa kwa kasi zaidi kadiri kinavyozidi joto la mazingira yake. Akauliza tena. Mwalimu wake wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na wenzake wakaligeuza neno hilo kuwa utani wa kila siku. Kisha Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu kule Dar es Salaam akaja kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akauliza swali lake mbele ya wote. Osborne alilichukua, akarudi nalo Dar, akamwagiza fundi wa maabara alijaribu. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education.

Hapo ndipo Mwalimu alipomalizia simulizi yake. Ni pazuri pa kumalizia, na wanafunzi walipiga makofi. Lakini habari haikuishia 1969, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyokuja kuwabana. Nitaifikia.

Yaliyotokea

Friza waliyotumia ilikuwa ya kantini, ya kufungulia juu, ya siku nyingi, imeota barafu ya unyevu kwenye kuta na chini. Jaribio la kwanza lilikuwa vikombe viwili vya plastiki, kila kimoja mililita 100. Kimoja kilikuwa na maji ya bomba ya nyuzi 30 hivi, kingine maji yaliyotoka kwenye birika. Kiongozi alikuwa akifunua kifuniko kila baada ya dakika kadhaa na kumulika kwa tochi ya simu. Cha moto kikaota utando wa barafu kwanza. Kantini ililipuka kwa vigelegele. Picha ikafika kwa mkuu wa shule na kwenye kundi la wazazi jioni ile ile.

Nadhani kosa kubwa la mradi huu lilifanyika jioni hiyo, na halikuwa kosa la kipimo. Matokeo yalitangazwa kabla ya kurudiwa. Tangu hapo klabu ilikuwa na ahadi ya kutimiza kwa wazazi na kwa mkuu, hata kwa Mpemba mwenyewe kwa namna fulani.

Waliporudia, mara cha moto kilitangulia, mara cha baridi. Kila cha baridi kilipotangulia, sababu ilipatikana: umeme ulikatika, mpishi alifungua friza kutoa samaki, kikombe kiliyumba. Sababu zote zilikuwa za kweli, nimezihakiki. Ila umeme ulikatika pia siku ambazo cha moto kilishinda, na mpishi alitoa samaki siku zote. Siku hizo hakuna aliyezitaja.

Kiongozi akamwelekeza Katibu aandike kwenye nakala safi majaribio "yaliyofaulu" tu. Katibu akaandika nakala safi kama alivyoambiwa, lakini lile daftari la mwanzo, lenye madoa ya maji na michoro ya penseli, hakulichana. Ndani yake mlikuwa na kila jaribio, saa ya kuanza, nani aliweka kikombe kipi, na kila kimoja kiliwekwa upande gani wa friza. Nilipomuuliza kwa nini aliandika hadi mahali pa kikombe, alisema, "Mwalimu alituambia tuandike tunachokiona, na mimi niliona vimekaa pale."

Yaliyoharibika yalipokaribia kuwa sawa na yaliyofaulu, Mwalimu aliingiwa na wasiwasi akanipigia simu. Ilikuwa takriban wiki tatu kabla ya maonyesho.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza tulioufanya pamoja ulikuwa kutogusa friza kwanza. Nilipendekeza waende kwa mtu anayegandisha vitu kwa riziki. Nje ya geti kuna mama anayeuza barafu za ubuyu na ukwaju. Walimwamkia, akawaitikia, wakamuuliza kama huwa anaingiza ubuyu wa moto.

"Wa moto naingizaje, wanangu? Si utaziyeyusha za wenzie? Na umeme wenyewe wa kununua."

Friza yake imejaa pomoni. Kitu cha moto kikiingia, kila kilicho pembeni kinapata joto na mashine inafanya kazi zaidi. Hilo peke yake linaonyesha kwamba alichofanya muuza aiskrimu wa miaka ile hakiwezi kuhamishwa hivi hivi kwenye friza ya leo. Lakini jibu lililotusaidia zaidi lilikuja walipomuuliza anajuaje kwamba barafu imeganda. Akachukua kifuko kimoja, akakibana katikati kwa dole gumba. Nje kuwa kugumu hakutoshi, alisema. Mtoto akiuma akakuta katikati majimaji, anarudisha na pesa yake anaitaka.

Kumbe klabu haikuwahi kukubaliana kuganda ni nini. Kiongozi alihesabu utando wa kwanza juu. Mwanafunzi mwingine, siku Kiongozi alipokuwa hayupo, alisubiri hadi kikombe kikipinduliwa kisimwagike. Na Mwalimu akilini mwake alikuwa na kipimajoto kufika nyuzi 0. Hayo ni mambo matatu tofauti, na kikombe kinachotangulia kwenye moja si lazima kitangulie kwenye jingine.

Uamuzi wa pili ulikuwa kusoma daftari lile la mwanzo, mstari kwa mstari, mbele ya kundi zima. Mwalimu alisita, kwa sababu lingemuumbua Kiongozi. Akakubali kwa sharti kwamba tusome mahali pa vikombe tu, bila kutaja aliyefuta nini. Katika majaribio mengi ambayo cha moto kilishinda, kilikuwa kimewekwa kona ile ile ya kushoto, chini kabisa. Sababu ni ya kawaida: kilikuwa cha moto, kilibebwa kwa kitambaa, kikawekwa upesi mahali pa karibu. Cha baridi kiliwekwa taratibu juu ya boksi la samaki.

Tukarudia jaribio moja makusudi kwa mpangilio wao wa zamani, ili tuone. Muda wa kutoa vikombe ulipofika, cha baridi kilinyanyuka kwa vidole viwili. Cha moto kilikataa. Ilibidi mpishi alete kijiko, akakichokoa pembeni, kikatoka na kipande cha barafu ngumu inayong'aa, duara sawasawa na kitako cha kikombe. Kuzunguka duara hilo barafu ya unyevu ilikuwa bado nyeupe, ya unga unga. Joto la kikombe lilikuwa limeyeyusha ile ya unga, maji yakaganda upya, na kikombe kikashikamana na chuma baridi cha friza. Kingine kilikaa juu ya boksi na hewa. Hawakuwa wamelinganisha moto na baridi peke yake. Walilinganisha pia vitako viwili.

Hii ni moja ya njia zinazojulikana kabisa za maji ya moto kutangulia, na ndiyo maana Osborne katika majaribio yake aliweka bika, yaani kikombe cha kioo cha maabara, juu ya kipande cha povu gumu, kuzuia joto lisipite chini.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuandika masharti kabla ya kuanza upya, karatasi moja, ikabandikwa kwenye friza. Vikombe vyote vikae juu ya kipande cha povu gumu, la lile boksi jeupe, jepesi la kuhifadhia samaki. Mahali pabadilishwe kila jaribio. Ncha ya kipimajoto ishikiliwe kwa kijiti iwe kina kile kile. Kifuniko kifunuliwe kwa ratiba, si kwa hamu. Muda uandikwe mara tatu: nyuzi 0, barafu ya kwanza, na kuganda hadi katikati. Na kila jaribio lihesabiwe, umeme ukatike usikatike. Likiwa na dosari, dosari iandikwe pembeni na namba ibaki.

Vipimajoto vya shule vilikuwa viwili. Tulivitia vyote kwenye barafu inayoyeyuka, kimoja kikasoma nyuzi moja zaidi ya mwenzake. Tangu siku hiyo kila namba iliyosomwa kwenye kipimajoto ilirekebishwa. Kazi ya dakika tano, na hakuna aliyewahi kuifanya.

Matokeo

Juu ya povu, na mahali pakibadilishwa, cha moto hakikutangulia kufika nyuzi 0 hata mara moja. Kwenye barafu ya kwanza, mambo yalichanganyika: mara nyingi cha baridi, mara chache cha moto. Kuganda hadi katikati, cha baridi.

Kilichowasisimua wanafunzi kilikuja bila kutafutwa. Siku moja kipimajoto cha kikombe cha baridi kilisoma chini ya nyuzi 0 kwa kiasi cha nyuzi nne, na maji bado ni maji. Kiongozi alipotikisa kijiti kidogo, sindano za barafu zilitambaa kutoka kwenye kipimajoto hadi ukingoni ndani ya muda wa kupepesa macho, na kipimajoto kikapanda kurudi nyuzi 0. Maji yanaweza kushuka chini ya 0 bila kuganda hadi kitu kiyaanzishe, na yanapoanza hutoa joto. Mara chache cha moto kilipotangulia, Katibu alikuta kwenye namba alizoandika kwamba cha baridi kilikuwa kimeshapita 0 zamani, kimekaa tu kinasubiri.

Bango lao lilikuwa limeandikwa "Kuthibitisha athari ya Mpemba". Walilibadilisha kuwa "Ni wakati gani maji ya moto hutangulia kuganda?" Kwenye maonyesho hawakushinda. Jaji mmoja aliwauliza kwa nini wameleta mradi ulioshindwa, mwingine aliona wanamvunjia heshima Mtanzania mwenzao. Mkuu wa shule, ambaye picha ya kwanza ilikuwa bado kwenye simu yake, hakufurahi. Kundi la wazazi halikupewa taarifa yoyote mpya, na hilo sikulipenda.

Uchambuzi

Nianze na fizikia, kwa sababu Mwalimu aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa kuulizwa. Kwa nini wengi wanaona haiwezekani? Ni kama basi linalotoka Muheza na jingine linalotoka Pongwe, yote yanakuja Tanga mjini na yameondoka saa moja. La Muheza laweza kwenda kasi zaidi mwanzoni, lakini lazima lipite Pongwe, na likifika hapo mwenzake ameshatangulia. Litampitaje, kama kuanzia Pongwe barabara ni ile ile na mwendo ni ule ule? Jibu ni kwamba haliwezi, isipokuwa likifika Pongwe likiwa si sawa na mwenzake alivyokuwa pale. Maji yaliyotoka nyuzi 90 yakifika 30 huenda si sawa na maji yaliyoanza 30: kiasi chake kimepungua kwa mvuke, hewa iliyoyeyuka ndani imetoka, ya juu ni ya moto kuliko ya chini na bado yanazunguka, au kikombe kimeyeyusha barafu chini yake. Swali la kweli, basi, ni tofauti ipi kati ya hizo ilikuwepo kwenye kikombe hiki, siku hii.

Sasa ile sehemu ya habari ambayo Mwalimu hakuisimulia. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitoa zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora ya athari hii. Majibu zaidi ya 22,000 yalipelekwa, na ubishi haukuisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti wakipima muda wa kufika nyuzi 0, wakasema hawakuona ushahidi wa maana, na wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu kunaweza kukuonyesha athari ambayo haipo. Kisha mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Canada wakaonyesha, si kwa maji bali kwa chembe ndogo sana zilizosimamiwa kwa mwanga wa leza, kwamba mfumo wa moto unaweza kweli kupoa kabla ya ule wa vuguvugu. Jina la Mpemba leo linatumika na wanafizikia ambao hawajawahi kugandisha chochote. Mwalimu angewaambia wanafunzi haya mwanzoni, wangeingia kantini wakijua kuna ubishi, na kikombe cha baridi kilipotangulia wasingeona aibu.

Kilichofanya kazi vizuri ni daftari la mwanzo. Sisemi nidhamu ya kuandika kwa jumla. Nasema uandishi wa kitu ambacho wakati ule hakikuonekana na maana, yaani upande wa friza. Bila huo tungeanza upya gizani na wiki tatu zisingetosha. Cha pili ni mama wa barafu. Yeye kuganda anakupima kwa dole gumba na kwa pesa ya mteja, na kipimo chake kilikuwa wazi kuliko vyetu vyote. Cha tatu, sharti la Mwalimu la kutomtaja aliyefuta. Kiongozi alibaki kwenye kundi na ndiye aliyeshika kijiti siku ya zile sindano za barafu.

Lililoshindikana, nalo linahitaji kusemwa bila kulainisha, ni uamuzi wa kufuta. Wapo waliomtetea Kiongozi wakisema ni mtoto, na heshima ya mtu wa kwetu ilikuwa mezani. Lakini angalieni habari ile ile waliyokuwa wakiitetea. Fundi wa Osborne aliporudi na matokeo kwamba maji ya moto yametangulia, aliahidi kuendelea kurudia jaribio hadi apate jibu sahihi, maana jibu sahihi alikuwa nalo tayari kichwani. Walimu wa Mpemba nao walikuwa nalo. Klabu yetu ilifanya jambo hilo hilo kwa kugeuza upande: jibu sahihi sasa ni la Mpemba, na kikombe kinachopingana nalo kimeharibika. Mpemba alikuwa mwanafunzi aliyeona kitu kisicholingana na alichofundishwa, akakataa kukinyamazia. Katika kantini ile aliyefanana naye alikuwa Katibu, na ndiye aliyeambiwa afute.

Upande wa mkuu na majaji sina mengi. Shule ikitangaza matokeo ya jaribio moja, iwe tayari kutangaza na ya ishirini. Mwalimu angeweza kuandika mistari mitatu kwenye kundi la wazazi na mambo yakaisha.

Mapungufu ya kiufundi yamebaki. Hawakupima uzito wa vikombe kabla na baada, kwa hiyo hatujui mvuke ulichukua kiasi gani. Mizani ya kupimia mchele iliyopo kantini haisomi gramu chache. Maji ya baridi hayakuchemshwa na kupozwa kabla, kwa hiyo hewa iliyoyeyuka ilitofautiana tangu mwanzo. Na friza ya kantini haishiki baridi ile ile kutwa nzima. Klabu imeomba kutumia friji ya maabara ya biolojia muhula ujao, wakati wa likizo fupi ambapo hakuna wa kuifungua, na Katibu, ambaye sasa ndiye kiongozi, ameshaandika masharti: maji yote yachemshwe, nusu yapozwe, mizani iazimwe kwa sonara.